Pambo Lililokuwa Mbegu

Waandishi walipohitaji jina la Kiswahili kwa majira yale ya nchi za baridi ambayo majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika, waliliazima neno vuli, ambalo tangu kale mabaharia na wakulima wa pwani walilitumia kwa mvua ndogo za mwisho wa mwaka. Na kwa kuazima huko, pasipo kukusudia, walikutanisha ndani ya neno moja mambo mawili yaliyo kinyume, maana vuli ya Ulaya ni wakati wa kuvuna na kufunga ghala, ilhali vuli yetu ni wakati wa kuifungua ghala na kutia mbegu ardhini. Mtu wa Shinyanga, katika nchi ya Usukuma, akisikia kwamba watu wa mbali hupamba milango yao kwa vuli, kwa mabua, maboga na majani makavu, huenda akastaajabu kidogo. Lakini akiulizwa juu ya mapambo ya mavuno, yaani yale ambayo mikono ya watu huyafanya kwa vitu vya shamba na vya pori baada ya kazi kwisha, hatakosa la kusimulia, kwa kuwa Usukuma una historia ndefu ya mapambo ya namna hiyo, na historia hiyo, ikitazamwa kwa makini, ni historia ya mbegu.

Katika nchi hiyo mvua hukatika mwezi wa Mei, na kuanzia Juni anga hutakata, asubuhi huwa na ubaridi mkavu, na mbuga za udongo mweusi, ambazo miezi michache nyuma zilikuwa tope la kunasa magurudumu na kwato, huanza kupasuka nyufa. Mtama, uwele na mahindi vimekwisha katwa. Karanga na kunde zimeanikwa uani. Na juu ya majabali, ambayo wilaya za Shinyanga zimejaliwa kuwa nayo kwa wingi, viazi vitamu vilivyokatwa vipande huanikwa na kuwa michembe, au huchemshwa kwanza kisha vikaanikwa na kuwa matobolwa, hata jabali zima huonekana kwa mbali kama limemwagiwa maua meupe. Ni msimu huo huo alioupitia mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipotoka Kaze, jirani ya Tabora ya leo, mwezi wa Julai 1858, akaivuka nchi ya Wasukuma kuelekea kaskazini, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa ambalo yeye alilipa jina la malkia wake na wenyeji walikuwa wakilijua kwa majina yao wenyewe. Misafara mingi iliupenda msimu huo wa baada ya mavuno, kwa kuwa njia zilikuwa kavu, vyakula rakhisi, na wenyeji walikuwa na nafasi ya kupokea wageni, kuoza mabinti na kucheza ngoma.

Pambo la kwanza la msimu huo lilikaa jikoni, tena mahali ambapo mgeni hakufikishwa upesi. Kabla ya mavuno, mama mwenye nyumba aliingia shambani peke yake, akapita kati ya mistari ya mtama akitafuta masuke aliyoyataka yeye: yaliyoshikana, yaliyojaa punje hadi ncha, yaliyosimama juu ya mabua yasiyokuwa na ugonjwa wala kuliwa na funza. Hayo aliyakata kwanza, akayaachia kikonyo cha urefu wa kiganja na zaidi, akayafunga mafungu kwa kamba ya gome, kisha akayaning'iniza kichwa chini katika boriti juu ya mafiga. Kando yake yalining'inia mahindi, maganda yake yamerudishwa nyuma na kusukwa mawili mawili kama nywele za msichana, na pengine vibuyu vidogo vyenye mbegu za kunde, vilivyozibwa midomo kwa udongo au kwa gunzi tupu. Kila siku moshi ulipanda, ukayakausha masuke hayo, ukayapaka masizi, na fukusi, ambaye ni adui wa kila ghala, akachukizwa nayo akaenda kutafuta riziki mahali pengine.

Sasa, je, hilo lilikuwa pambo au akiba? Swali hilo ni la mtu aliyezaliwa katika nyumba ambayo sebule ina mapambo na stoo ina chakula. Katika msonge wa Kisukuma, uliozungushiwa ua wa minyaa na kuezekwa kwa nyasi hadi karibu ya ardhi, mambo hayo mawili hayakuwa yametengana. Masuke yale yalipangwa kwa mpango, marefu katikati na mafupi pembeni, mekundu mbali na meupe. Na mwanamke aliyemtembelea mwenziwe, akakaribishwa hadi jikoni kwa heshima ya ujirani, aliinua macho juu ya moto na papo hapo akafahamu mwenyeji wake ni mkulima wa namna gani, mwaka uliopita ulikuwa wa neema au wa shida, na ni mbegu gani angeweza kuomba fungu lake. Fahari ya boriti ile ilikuwa ya haki kwa sababu haikuweza kununuliwa.

Jambo hili si la Wasukuma peke yao. Wakulima wa Uingereza wa zamani walikuwa wakilichukua fungu la mwisho la ngano shambani, wakalisuka kwa umbo la mwanasesere au la kitanzi, wakalitundika ndani ya nyumba katika majira yote ya baridi, na katika sehemu nyingine wakalirudisha ardhini siku ya kulima kwa mara ya kwanza, wakiamini kwamba roho ya nafaka ililala ndani yake. Mwanasesere huyo wa mabua leo ni kitu cha dukani, na mahindi yenye punje za rangi nyingi yanayotundikwa milangoni Marekani nayo aghalabu hununuliwa, lakini asili ya pambo hilo ni ile ile ya boriti ya Usukuma: kitu kilichozuiwa kisiliwe, kikawekwa machoni, ili mtu asisahau kwamba mwaka utarudi.

Baada ya boriti lilifuata pambo la vyombo, na hapa mikono ya watu ilipata nafasi ya kuonyesha ustadi wake. Mung'unye lililoachwa likauke katika mtambaa wake lilivunwa likiwa jepesi na gumu, likatobolewa, likajazwa maji na kulowekwa siku kadhaa hata nyama yake ikaoza, kisha likatikiswa kwa changarawe hadi likawa safi ndani. Hapo fundi, akikaa kivulini na moto mdogo pembeni mwake, alishika ncha ya chuma iliyopata moto, akauchora ubavu wa kibuyu kwa kuuunguza: mstari, kisha nukta, kisha pembetatu zilizopangana kama meno, na kila mguso ukatoa moshi mwembamba wenye harufu ya ganda lililoungua. Alipomaliza alikipaka mafuta, na kwa miaka ya kushikwa na kuoshwa kibuyu kile kiligeuka rangi kutoka manjano ya nyasi kavu kuwa wekundu wa asali, hata kibuyu cha bibi kilikuwa kizuri kuliko cha mjukuu kwa sababu ya kutumika tu.

Mwenziwe wa kibuyu alikuwa isonzo, kikapu cha nyasi kilichosukwa kwa kukazwa hata kikashika pombe ya mtama bila kuvuja, na kilichotiwa nakshi kwa nyuzi zilizogeuzwa nyeusi, zikizunguka tumbo la kikapu kwa safu zisizokosea hesabu. Msukaji alianza kitakoni, akazunguka akienda juu, na kwa kuwa nakshi ilisukwa pamoja na chombo, wala haikupakwa baadaye, alipaswa kuijua safu ya juu kabla hajamaliza ya chini. Aliyekosea nyuzi mbili chini alikutana na kosa lake mdomoni mwa kikapu, likiwa limekuwa kubwa, machoni pa wote watakaokunywa. Kazi hiyo ilifanywa kiangazi, wakati nyasi zimekomaa na wanawake wamepumzika jembe, na vikapu vilivyokamilika vilipelekwa arusini vikiwa vimejaa, vikasifiwa kwa sauti.

Ukuta nao haukuachwa mtupu. Udongo mweupe, udongo mwekundu, majivu na masizi ni rangi zilizokuwa chini ya mkono wa kila mtu. Katika nyumba za mafundisho za vyama vya waganga wa nyoka, ambavyo vilienea Usukuma na Unyamwezi, kuta za ndani zilichorwa nyoka, watu, wanyama na viumbe vya hadithi, zikawa kitabu ambacho mwanagenzi alisomeshwa kwacho siri za chama. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyeitumikia serikali ya Tanganyika akiwa mchunguzi wa mila, alizikusanya na kuzinakili picha hizo, akazitolea kitabu mjini London mwaka 1953. Lau asingefanya hivyo, akali ya picha hizo ingesalia, kwa kuwa ukuta wa udongo hauna umri mrefu, na mchoro wa majivu huondoka na mvua ya kwanza ipatayo tundu katika paa.

Lakini adhama ya mapambo ya msimu ilionekana uwanjani. Karne ya kumi na tisa iliwatoa waganga wawili mahasimu, Gumha na Ngika, na kutoka kwao zikazaliwa pande mbili kuu za ngoma, Bagalu na Bagika, ambazo hadi leo hushindana kila mwaka baada ya mavuno. Sheria ya mashindano ni nyepesi kuieleza na ngumu kuitimiza: pande mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na watazamaji, ambao ndio waamuzi, huenda kwa miguu yao kule kunakowapendeza zaidi, basi mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Kwa sababu hiyo pambo halikuwa upuuzi, lilikuwa silaha. Wachezaji walivaa manyoya ya mbuni yaliyotikisika kwa kila hatua, ngozi za nyani na za paka pori, kengele miguuni, na chama cha wawindaji wa nungunungu kikajitambulisha kwa miiba ya mnyama huyo, myeusi na myeupe, iliyosimama vichwani. Isipokuwa kengele, haya yote yalitoka porini, na kijana aliyetaka kilemba cha manyoya alipaswa kwanza kujua ndege hukaa wapi.

Tusiseme hata hivyo kwamba pambo la Usukuma lilikuwa la kienyeji mtupu, maana biashara ya pwani ilifika huko mapema. Kibangwa, kile kidude cha mviringo kilichochongwa katika gamba la konokono wa Bahari ya Hindi, kilibebwa begani mwendo wa miezi hadi kikawa alama ya watemi wa Unyamwezi na Usukuma. Kitu cha baharini kikatawala nchi ambayo wengi wa watu wake hawakuwahi kuonja maji ya chumvi. Nyuma yake zikaja shanga za kioo kutoka Venezia kwa njia ya Unguja, kila aina na jina lake sokoni, na zile nyekundu ziitwazo samesame zikipendwa kupita kiasi. Shanga zilikuwa na rangi isiyopauka, na mbele yake mbegu za porini zilizotungwa kwa uzi, ambazo wasichana walikuwa wakijivunia, zikaanza kuonekana kitu cha watoto. Huo ulikuwa mwanzo wa pambo kuachana na ardhi, ingawa hakuna aliyeutambua kwa wakati ule.

Kuachana kwenyewe kulikuja kwa mlango wa zao jipya, na hapa lugha yetu ina kejeli ambayo haihitaji kutafutwa. Tunasema kupamba, tunasema pambo, tena tunasema pamba; na pamba ndiyo iliyovua nyumba za Usukuma mapambo yake. Chini ya utawala wa Waingereza zao hilo lilienea kutoka Mwanza hadi Shinyanga na Geita, likawapa wakulima fedha, na likawapa pia umoja, kwani katika mwaka 1955 vyama vyao vya ushirika viliungana katika shirikisho la Victoria lililoongozwa na Paul Bomani. Neema hiyo haikanushiki. Ila itazamwe tabia ya zao lenyewe: pamba haikai nyumbani. Hupelekwa sokoni ikiwa katika marobota mepesi, huchambuliwa kiwandani, nyuzi zake husafiri kwa reli na meli, na mbegu zake, ambazo mkulima hakuzichagua wala kuziona, hubaki kiwandani hadi zigawiwe tena msimu ujao, zikiwa ni za aina zilizokuzwa na wataalamu wa kituo cha Ukiriguru. Hata miti yake, mkulima alitakiwa kwa amri aing'oe na kuichoma moto baada ya kuvuna, wadudu wasipate makao. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hiyo, palikuwa na mavuno makubwa ambayo hayakuacha kitu cha kutundikwa juu ya mafiga.

Ndivyo yalivyokuwa pia mavuno ya chini ya ardhi. Kabla ya dhahabu, madini yaliyoipa heshima nchi ya Uzinza na Geita yalikuwa chuma, na majembe ya wahunzi wa Barongo yalinunuliwa Usukuma, yakalima mtama na kulipiwa mahari. Kisha katika miaka ya 1930 machimbo ya dhahabu ya Geita yakakua, yakaendelea hadi kufungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2000. Upande wa Shinyanga, John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aliipata almasi ya Mwadui mwaka 1940. Na Oktoba 1947 pakapatikana jiwe la waridi la karati 54.5, ambalo alimpa Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, kwa arusi yake ya mwaka huo. Jiwe lilikatwa, likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 mafundi wa vito wa Cartier wakalitia katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Ni ua zuri, bila shaka, lisilonyauka kamwe. Lakini halikuota Shinyanga mara ya pili.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1950, karibu na Kisesa upande wa mashariki ya Mwanza, padri David Clement, naye mtu wa Kanada, alikuwa akifanya kazi iliyokwenda kinyume cha mkondo. Hapo Bujora alijenga kanisa lenye umbo la nyumba ya Kisukuma, akakusanya ngoma, viti vya enzi, vibuyu na vikapu, hata mahali hapo pakawa makumbusho ya Wasukuma. Sikukuu ya ngoma inayofanyika huko kila mwezi wa Juni huitwa Bulabo, neno la Kisukuma lenye maana ya maua, kwa kuwa imefungamana na sikukuu ya Kikatoliki ya Ekaristi, ambayo maandamano yake hupambwa kwa maua. Ada ya Kikristo ikaangukia katika msimu wa mavuno, Bagalu na Bagika wakaikuta uwanjani, na kila upande ukaona kwamba umealikwa kwake.

Ila vyombo vinaweza kuhifadhiwa makumbushoni; nyasi za kuvifanyia haziwezi. Tangu miaka ya 1920 misitu ya Shinyanga ilifyekwa kwa vita dhidi ya mbung'o, kazi iliyoongozwa na mtafiti C. F. M. Swynnerton pamoja na mtemi Makwaia aliyetoa watu wake kwa maelfu. Baadaye mashamba ya pamba, mifugo na kuni vikamalizia, hata mkoa ukaja kuitwa Jangwa la Tanzania. Wakati wa kuhamia vijijini katika miaka ya 1970, kaya zilizokuwa zimetawanyika zilisogezwa pamoja kando ya barabara, misonge mingi ikaachwa nyuma na minyaa yake. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulikuwa na busara ya kutoleta jambo geni: uliwarudisha watu katika desturi ya ngitili, yaani sehemu ya nyasi na miti iliyofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate malisho wakati wa kiangazi. Zaidi ya hekta 300,000 zikarejeshewa uoto, na pamoja na malisho yakarudi majani ya kuezekea, dawa, asali, na zile nyasi ndefu ambazo msukaji wa isonzo alikuwa akizifuata mbali.

Leo nyumba nyingi ni za bati, jiko limewekwa nje, na boriti haipati moshi. Katika vijiji vya wachimbaji wadogo wa Geita, ambako mvulana hushinda kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, na msichana huuza chai karibu na karasha, mashine ya kusaga mawe, ukuta wa turubai hupambwa kwa maua ya plastiki, na sina ujasiri wa kuwalaumu. Mtu asiyejua kama mwezi ujao atakuwa hapa au katika rashi nyingine, yaani machimbo mapya, hawezi kutundika kitu kinachongoja mvua. Kwa upande mwingine, tangu Sabasaba ilipokuwa sikukuu ya wakulima hadi Nane Nane ya sasa, mabanda ya maonyesho hupambwa kwa mabua ya mtama milangoni, migomba iliyosimamishwa pande mbili, na masuke yaliyofungwa mafungu. Mwaka 2018 maonyesho ya kitaifa yalifanyika Nyakabindi, Bariadi, katika nchi iliyokuwa sehemu ya Shinyanga kabla ya mkoa wa Simiyu kuundwa mwaka 2012. Pambo likawa limetoka jikoni likasimama barabarani, na baada ya siku chache, maonyesho yakiisha, likatupwa pamoja na takataka.

Hapo ndipo tofauti ilipo, na si katika uzuri, kwa kuwa mabua ya maonyesho yalikuwa mazuri. Pambo la zamani lilikuwa na siku yake ya mwisho iliyojulikana tangu siku ya kwanza. Mwezi wa Novemba mawingu yalipokusanyika na mvua ya kwanza kulowesha vumbi, mama alipanda juu ya kigoda, akalishusha fungu lile ambalo sasa lilikuwa jeusi kwa masizi ya miezi mitano, halina sura ya kitu cha kutazamwa tena. Akaketi chini na kulifikicha kati ya viganja viwili. Masizi yakaanguka pamoja na makapi, na katika ungo zikabaki punje nyeupe na nyekundu, safi kama siku zilipokatwa. Akaziangalia kidogo, akazitia katika kibuyu, akatwaa jembe, na kabla ya jua kuwa kali zilikuwa zimekwisha zikwa.